Mioyo ya Baba na Watoto

Wapendwa, tunapotafakari uponyaji wa familia, tukumbuke dhambi iliyotendwa Kanada kwa jina la Kristo. Kuanzia miaka ya 1880 hadi miaka ya 1990, watoto wapatao 150,000 wa wenyeji wa asili walipelekwa shule za bweni za serikali, nyingi zikiendeshwa na makanisa. Walikatazwa lugha ya mama. Wengi walipigwa, maelfu walikufa.

Waliorudi hawakuwa wamelelewa na mzazi, nao wakawa wazazi. Wengine walizamisha uchungu katika pombe, na watoto wao wakachukuliwa tena, safari hii na ustawi wa jamii. Sensa ya 2021 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wadogo walio katika malezi ya kambo nchini humo ni wa jamii hizo.

Kanisa la Anglikana la Kanada liliomba radhi mwaka 1993, Papa Fransisko mwaka 2022. Lakini toba peke yake haimrudishi mtoto nyumbani. Mzazi hukaa na mshauri nasaha, mara nyingi pamoja na wazee wa jamii yake, akataja aliyotendewa, akajua hasira yake imetoka wapi, akajifunza kumkumbatia mwanawe bila woga.

Basi tusimwambie aliyeumia, “Omba tu.” Tuombe naye, kisha tumsindikize kwa mshauri. Malaki aliahidi mioyo ya baba kuwarudia watoto. Sisi tusizibe njia hiyo.