Reli ya Nachingwea na Mzigo wa Kurudi

Reli iliyotoka pwani ya kusini kwenda Nachingwea husimuliwa kama mkia wa hadithi ya karanga: mradi ulikufa, reli ikaufuata kaburini. Maelezo hayo hayatoshi. Mpango wa Waingereza wa 1946 wa kulima karanga ulikuwa na mashamba 107, kila moja ekari 30,000, na 55 kati yake yalipangiwa Jimbo la Kusini la Tanganyika. Reli ilijengwa kwa matarajio ya mzigo wa mashamba hayo. Treni zilianza kufika Nachingwea 1949. Januari 1951 mradi ukaachwa, hasara ikiwa pauni milioni 36, lakini ujenzi uliendelea: njia ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara, kisha ikasogezwa hadi upande wa Masasi. Ilifungwa 1962. Kama karanga peke yake ndiyo iliyoiua, tutaielezaje ile miaka 11?

Kilichoiua, kwa maoni yangu, ni behewa tupu. Gharama za reli hazingoji mavuno: tuta huchimbwa na mvua za masika, na mkuu wa stesheni hudai mshahara hata mwezi usio na gunia moja la kupakia. Siku za mradi mzigo mzito ulipanda bara, matrekta na mafuta. Mradi ulipoondoka, kilichobaki ni mazao ya kushuka pwani kwa msimu, na mkulima aliyeyauza hakuwa na kipato cha kununua shehena ya kulijaza behewa linaporudi. Vibarua walipopunguzwa, abiria nao wakapungua. Hesabu hii wanaijua hata wachezaji wa Traveller, mchezo wa kuigiza safari za angani uliotolewa Marekani 1977. Mwenye meli ya mkopo humo hulipa kila mwezi 1/240 ya bei yake kwa miaka 40, kuwe na shehena au kusiwe, kwa hiyo hupita sayari kwa sayari akitafuta mizigo, barua na abiria, hata wale wa nauli ndogo wanaosafirishwa wakiwa wamelazwa usingizi wa baridi. Tofauti ni kwamba yeye akikosa mzigo hapa huenda kwingine. Reli haihami.

Wapo wanaosema reli iling'olewa mapema mno, maana korosho zilikuwa njiani: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000, nyingi zikitoka kusini. Hoja hiyo ina uzito, na kung'oa njia badala ya kuifunga tu kulikuwa kosa kubwa, kwa sababu kulifuta uwezekano wa kurudi. Hata hivyo, korosho ni mzigo wa miezi michache na wa upande mmoja. Lori likimaliza kuzishusha Mtwara huweza kufuata mahindi Songea, behewa lingelala. Leo hali ni tofauti kidogo. Wakulima wa Ruangwa na Nachingwea, kupitia chama chao kikuu cha RUNALI, huuza ufuta katikati ya mwaka, mbaazi zikafuata, kisha korosho, na madini ya kinywe ya Ruangwa hayana msimu. Mzigo wa kushuka umepatikana. Wa kupanda ni salfa ya mikorosho, mafuta na saruji ya Mtwara, na anayetaka reli mpya kusini aanze kwa kupima tani za hizo tatu.