Kasi na Uaminifu wa Picha: Historia Fupi ya Programu za Kusomea Miswada ya Kidijitali

Utafiti wa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu sasa hutegemea kwa kiasi kikubwa picha za kidijitali. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa rangi, nukta 300 kwa inchi, huwa na pikseli takribani milioni 8.7, yaani megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Muswada wa kurasa 200 hukaribia gigabaiti 5.2. Sehemu hii inajenga hoja kwamba historia ya programu za kusomea nyaraka hizo ni historia ya mvutano baina ya kasi na uaminifu wa picha.

Umbizo la PDF, lililotolewa na Adobe mwaka 1993, lilikusudiwa kulinda sura ya ukurasa katika kompyuta yoyote. Baadaye katika muongo huohuo, Yann LeCun, Léon Bottou na wenzao katika maabara ya AT&T walibuni DjVu. Umbizo hili hutenganisha maandishi na mandharinyuma: maandishi huhifadhiwa kwa ubora wa juu, karatasi kwa ubora wa chini. Faili huwa dogo na hufunguka upesi.

Njia ya pili ilikuwa kurekebisha usomaji wenyewe. SumatraPDF, iliyotoka mwaka 2006, ni programu nyepesi inayofungua PDF na DjVu pia. Mfumo wa IIIF, ulioanza mwaka 2011, humwezesha msomaji kuletewa kipande cha picha anachokitazama tu. Hapa kasi haipatikani kwa kupunguza ubora.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2013 David Kriesel alionyesha kwamba baadhi ya mashine za kunakili zilibadili tarakimu 6 kuwa 8, kwa kuwa mbinu ya kubana JBIG2 ilichukulia maumbo yanayokaribiana kuwa umbo moja. Katika hati za Kiarabu, herufi be, te na the hutofautishwa kwa nukta pekee. Nukta ikipotea, neno hugeuka, na mhariri huhariri kosa la mashine akidhani ni la mwandishi.

Kwa hiyo, nakala nyepesi inafaa kupekulia, lakini usomaji wa kuhariri utenzi unapaswa kuthibitishwa kwenye picha asilia.