Halmashauri na mfuko wake: nusu karne ya kunyang'anywa na kurudishiwa

Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa Tanzania Bara. Sera ya Madaraka Mikoani, iliyoandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, iliwakabidhi maofisa wa serikali kuu kazi za madiwani. Halmashauri za miji nazo zikafuata. Wananchi waliambiwa madaraka yanashushwa kwao. Walioshuka ni watumishi, mfuko ukabaki Hazina.

Mijini athari hazikuchelewa: takataka zilirundikana, mitaro ikaziba. Mwaka 1978 Bunge likarudisha halmashauri za miji. Vijijini walingoja sheria za 1982, na halmashauri zao zikaanza kazi 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kuzifuta, na kuvunja vyama vya ushirika, lilikuwa kosa.

Halmashauri zilirudi mikono mitupu. Tegemeo likawa kodi ya maendeleo, iliyomkaba kila mtu mzima, mwenye nacho na asiye nacho. Mgambo walitega njiani na minadani wakidai stakabadhi. Asiyekuwa nayo alikimbilia porini au alilala mahabusu. Ilipofutwa 2003 watu walishangilia, lakini halmashauri zikazidi kuegemea ruzuku. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ukahamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na tangu 2021 kodi hiyo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara nao ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi 3.

Kwenye mfuko huo uliopunguzwa ndimo inamotoka mikopo ya wanyonge. Tangu miaka ya 1990 halmashauri zilitakiwa kuwatengea wanawake na vijana asilimia 10 ya mapato ya ndani, ila nyingi zilitenga zikipenda. Mwaka 2018 ikawa sheria: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Kina mama wa kikundi cha batiki au ufugaji wa kuku huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, wakiwa na katiba, muhtasari wa kikao na akaunti ya benki.

Wajanja nao waliingia. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zilitaja vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, na Aprili 2023 mikopo ikasitishwa. Ilirejea 2024 kwa uhakiki mkali zaidi, na katika halmashauri 10 za majaribio ikapitishwa benki.

Hata ikisimamiwa vizuri, asilimia 10 ya kidogo ni kidogo. Wilaya yenye mgodi haiwezi kulingana na ya wakulima wa mtama. Kabla ya kuzidai halmashauri mikopo, serikali kuu izirudishie vyanzo vya mapato. Nasi wananchi tuna zamu yetu: mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila miezi mitatu. Tuhudhurie, tudai taarifa ya mapato na matumizi, na tuulize ni kikundi gani kimekopeshwa.