Vumbi, Chumvi na Masizi: Yaliyomo Katika Hewa ya Miji ya Ghuba

Upepo wa shamali ukivuma na jua likawa rangi ya chungwa, kila mtu hapa Ghuba hufunga madirisha na kulilaumu jangwa. Lawama hiyo ni nusu tu ya khabari. Hewa ya mjini imebeba vitu vingi, na vile vinavyodhuru zaidi aghalabu havionekani kwa macho. Mimi nilikuwa karani, kazi yangu kuandika kila mzigo umetoka wapi na una nini ndani, kwa hiyo wasomaji wataniwia radhi nikiikagua hewa kwa mtindo huo huo.

Kwanza ukubwa. Chembe za hewani hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa kiasi cha mikroni 70. Chembe zisizozidi mikroni 10 huandikwa PM10, na zisizozidi mikroni 2.5 huandikwa PM2.5. Zile kubwa nyingi hunaswa puani na kooni, tukazitoa kwa chafya na kikohozi. Ndogo hushuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zilizo ndogo kabisa huweza kupenya hadi damuni. Ndiyo maana madaktari wanazitaja katika pumu, na vile vile katika maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachokishauri cha PM2.5, wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Miji mikubwa ya Ghuba imekipita kiwango hicho kwa mbali sana.

Ili kujua chembe hizo ni nini, hewa hupitishwa katika kichujio kwa saa 24. Kichujio hupimwa uzani kabla na baada, kisha hupelekwa maabara, kwa maana kila chanzo huacha alama yake. Vumbi la jangwa hujulikana kwa silika, aluminiamu, chokaa, na chuma ambacho ndicho kinacholipa wekundu. Sehemu yake hutoka mbali: shamali hulibeba kutoka nyanda za Iraki, nchi ya mito Tigris na Euphrates, ambayo sisi wa shule za misheni tulifundishwa kwa majina ya Hidekeli na Frati. Bahari nayo huchangia chumvi.

Alama inayonishughulisha mimi zaidi ni salfeti. Hii haitoki ikiwa chembe. Mafuta mazito yenye salfa yakichomwa melini, katika viwanda vya kusafishia mafuta au katika baadhi ya mitambo ya umeme, hutoka gesi. Gesi hiyo, kwa jua na unyevu tulio nao hapa, hugeuka asidi, ikakutana na amonia na kuwa chembe ndogo sana, ndani ya kundi la PM2.5. Basi moshi wa meli huweza kupotea machoni baharini, kisha ukatufikia mjini ukiwa kitu kingine. Vanadiamu na nikeli zikionekana pamoja kwenye kichujio, wachunguzi hushuku mafuta mazito. Tangu tarehe 1 Januari 2020 meli zinatakiwa zitumie mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.5, kabla ya hapo iliruhusiwa hadi 3.5. Ni hatua kubwa, ingawa imechelewa.

Magari hutoa masizi, hasa ya dizeli. Hata gari la umeme halikusalimika: breki husagika zikatoa chuma na shaba, na matairi hutoa zinki.

Ndugu zetu walioko Uingereza wana hesabu nyingine. Huko majira ya kuchipua, mbolea na samadi za mashambani hutoa amonia, nayo huungana na gesi za magari kuwa chembe za naitreti zinazofika mpaka London. Kwetu joto haliziachi chembe za namna hiyo zidumu; naitreti hujishikiza zaidi kwenye vumbi na chumvi ya bahari.

Kuna chanzo kingine ambacho wengi hawapendi kiguswe, nacho ni chetezo. Siwaambii watu waache udi na ubani. Harusi gani hiyo? Lakini moshi wake, kwa hesabu ya maabara, karibu wote ni chembe ndogo za kundi lile lile la PM2.5, na makaa yake hutoa kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Katika chumba kilichofungwa, kiyoyozi kikizungusha hewa ile ile, kiwango hupanda haraka kuliko cha barabarani. Kwangu yupo mjukuu mwenye pumu, na utaratibu tuliokubaliana ni huu: makaa huwashwa uani mpaka yashike vizuri, nguo hufukizwa penye dirisha wazi, mtoto akiwa upande wa pili wa nyumba, na kiyoyozi hakiwashwi mpaka moshi utoke. Siku za vumbi madirisha hufungwa, na siku hizo chetezo hakitiwi moto.