Mimba, uonevu na simu: Mitego inayowanasa vijana wa Migori na Homa Bay

OGWEDHI ni kituo cha biashara katika kaunti ya Migori, upande unaopakana na Trans Mara, kaunti ya Narok. Hapo Waluo na Wamaasai hukutana sokoni, na Wakuria nao hawako mbali. Huenda msomaji wa Nairobi au Mombasa hajawahi kulisikia jina hilo. Hata hivyo, anayetaka kuyaelewa masaibu ya vijana wanaobalehe nchini Kenya afaa kuanzia mahali kama hapa, kwa kuwa takwimu za pande zote mbili za mpaka huo zimekuwa za kutisha kwa muda mrefu.

Uchunguzi wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya (KDHS) wa mwaka 2014 ulibaini kuwa asilimia 18 ya wasichana wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Narok iliongoza kaunti zote kwa asilimia 40. Homa Bay ilifuata kwa asilimia 33, nayo Migori ilikuwa na asilimia 24.

Uchunguzi kama huo ulipofanywa tena mwaka 2022, kiwango cha taifa kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 15 na cha Narok hadi 28. Homa Bay ilishuka pia, ikafikia asilimia 23. Migori, kwa upande wake, ilibaki karibu pale pale, kwa asilimia 23. Maana yake ni kwamba katika kaunti hizi mbili za kusini mwa Nyanza, karibu msichana mmoja kati ya kila wanne wa umri wa miaka 15 hadi 19 amewahi kupata mimba.

Mara nyingi watu wazima huulizana ni nani aliyewaharibu watoto wetu. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: mtoto huyo alikosa nini, na ni nani aliyekuwa nacho?

Kando ya Ziwa Viktoria, katika fuo za Mbita, Rusinga, Karungu na Muhuru, mwenye nacho ni mvuvi. Huko ndiko ulikoshamiri mtindo wa kubadilishana ngono na samaki, ujulikanao kama jaboya. Wanaotajwa sana ni akina mama wachuuzi wa samaki, ila wasichana wadogo wanaosaidia biashara za nyumbani hawakusalimika. Kule Macalder, eneo la Nyatike, mwenye nacho ni mchimbaji dhahabu. Awendo ni pesa za miwa. Vituo vya ndani kama Ogwedhi havina samaki wala dhahabu, lakini vina vijana wa bodaboda, na msichana anayetembea kilomita kadhaa kwenda shule ya kutwa huona kubebwa bure kuwa ni msaada mkubwa. Deni la msaada huo huja kudaiwa baadaye.

Kuna hitaji jingine ambalo wanaume wengi huona haya kulizungumzia. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa mmoja kati ya kila wasichana kumi wenye umri wa miaka 15 alikiri kushiriki ngono ili apate pesa za kununulia sodo. Kenya iliondoa ushuru wa ziada ya thamani kwa bidhaa hiyo mwaka 2004, na mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi ikarekebishwa ili serikali iwape wasichana wa shule sodo bila malipo. Sheria ni nzuri, lakini haifiki yenyewe chooni mwa shule ya kijijini. Lazima iletwe na lori, na lori hilo hukawia.

Janga la korona lilidhihirisha jinsi shule yenyewe ilivyo ngao. Shule zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurejea hadi Januari 2021. Watafiti waliowafuatilia wasichana wa sekondari katika kaunti jirani ya Siaya waliripoti mwaka 2022 kwamba waliopitia kipindi hicho walikuwa katika hatari maradufu ya kupata mimba kabla ya kumaliza masomo, wakilinganishwa na waliowatangulia. Hatari ya kuacha shule ilikuwa mara tatu. Wasichana hao hawakubadilika tabia ghafla. Kilichobadilika ni kwamba mchana kutwa hawakuwa na pa kwenda.

Sheria na baraza la nyumbani

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haina utata kuhusu anayemnajisi mtoto. Mtoto akiwa na umri wa miaka 11 au chini, adhabu ni kifungo cha maisha. Akiwa kati ya miaka 12 na 15, mkosaji hufungwa kwa muda usiopungua miaka 20, na akiwa kati ya 16 na 18, usiopungua miaka 15. Ndoa nayo hairuhusiwi kabla ya miaka 18 kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014.

Mbona basi watuhumiwa wengi hawaonekani mahakamani? Sababu kuu ni kile wanakijiji wanachokiita kusikizana. Wazee wa pande mbili huketi, mbuzi au ng'ombe akatajwa, fedha kidogo zikatolewa, na mzazi wa msichana akaenda kituo cha polisi kusema kwamba ameondoa kesi. Wengi hawajui kuwa hana uwezo huo. Sheria hiyo ya 2006 inasema wazi kuwa uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka ya kosa la kingono ni wa Mwanasheria Mkuu, na tangu katiba ya 2010 mamlaka ya kuendesha mashtaka yamo mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kwa hivyo mzazi anayepokea ng'ombe amepokea malipo ya kitu ambacho si chake kukiuza.

Ni kweli kuwa sheria hii ina upande wake mgumu. Mvulana wa miaka 17 aliyependana na msichana wa 16 hukabiliwa na shtaka lile lile analokabiliwa nalo baba wa miaka 45. Mwaka 2019 majaji wa Mahakama ya Rufaa walipendekeza taifa lijadili kuteremsha umri wa ridhaa hadi miaka 16, na pendekezo hilo likapingwa vikali. Hofu ya wapinzani ilikuwa kwamba mlango ukifunguliwa kwa mvulana, yule wa miaka 45 ndiye atakayetangulia kuingia.

Kurudi shuleni na yanayomngoja huko

Watu wengi hudhani kwamba msichana akishapata mimba, safari yake ya masomo imekatika. Sera ya serikali haisemi hivyo, na haijasema hivyo tangu mwaka 1994, ulipowekwa mwongozo wa kuwaruhusu akina mama wachanga kurejea darasani. Mwongozo mpya wa mwaka 2020 ulikazia kuwa mwanafunzi mjamzito asifukuzwe, aendelee kusoma kadiri afya yake inavyomruhusu, na akishajifungua apokelewe tena. Iwapo anaogopa kudhihakiwa katika shule yake ya awali, asaidiwe kupata nafasi katika nyingine.

Mwalimu mkuu akishampokea huwa ametimiza sehemu yake. Wanafunzi wenzake ndio huamua kama atabaki. Anaitwa mama fulani mbele ya darasa zima. Maziwa yakimvuja na kulowesha sare, kicheko hupokezanwa kutoka dawati hadi dawati. Akichelewa kwa sababu mtoto alikesha akilia, anaadhibiwa kama mtoro. Baada ya wiki chache, hujiondokea mwenyewe, na kwenye rejista huandikwa kwamba hakuwa na nia ya masomo. Hapa ndipo mimba na uonevu, mambo ambayo huzungumziwa kama matatizo mawili, yanapokuwa tatizo moja.

Uonevu wenyewe ni wa jadi katika shule zetu. Kwa miongo mingi, aliyeingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni aliitwa mono, akafuliza kufua nguo za wakubwa, kutandika vitanda vyao na kunyang'anywa mkate. Walimu na wazazi waliopitia hayo waliyaona kuwa sehemu ya kukomaa. Wengine bado huyasimulia kwa fahari arusini.

Yapo yaliyotupasa kutuzindua mapema. Mnamo Julai 1991, katika shule ya mseto ya St Kizito kule Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana usiku. Wasichana 19 walikufa na 71 wakabakwa. Mwaka 1999 viranja wanne wa shule ya Nyeri High walichomwa wakiwa usingizini. Visa hivyo viwili vinatofautiana sana, lakini vyote vilitokea mahali ambapo kundi moja la watoto lilikuwa limepewa mamlaka juu ya jingine, au limejitwalia, usiku, na mtu mzima hayuko karibu.

Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Kuanzia mwaka 2009 shule za sekondari zilihimizwa kuacha kuwateua viranja na badala yake wanafunzi wachague baraza lao. Mahali ambapo uchaguzi huo hufanywa kwa dhati, mwanafunzi wa madarasa ya chini huwa na mtu wa kumwendea. Pengine hufanywa kwa jina tu, na kiranja wa jana hurudi leo akiitwa rais.

Vyombo vya habari: lawama na ukweli

Si haba kusikia mhubiri au chifu akisema kuwa televisheni na simu ndizo zilizozaa mimba hizi. Hoja hiyo ni rahisi mno. Jaboya ilikuwako kabla ya simu za kisasa kufika ziwani, na vijiji vingi vya Nyanza vilikuwa na akina mama wa miaka 16 vilipokuwa bado vinatumia koroboi. Disko matanga, yale mandari ya usiku kucha yanayoandaliwa kwa kisingizio cha kuchangia mazishi, yamewatumbukiza wasichana wengi taabuni kuliko filamu yoyote. Machifu huyapiga marufuku, na mwenye vipaza sauti huhamia lokesheni inayofuata.

Pamoja na hayo, vyombo vya habari vina nguvu zao. Kanuni za utangazaji nchini zinataka vipindi visivyofaa watoto visirushwe kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Kanuni hizo zilimfikiria mtoto anayetazama televisheni sebuleni pamoja na wazazi. Hazimfikii anayetazama kwenye banda la video sokoni, sembuse aliye chini ya blanketi na simu ya dada yake.

Simu imeuongezea uonevu mbawa. Zamani aliyedhihakiwa shuleni alipumua alipofika nyumbani. Leo picha yake humtangulia. Sheria ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 2018 inamtoza anayesambaza picha za siri za mtu mwingine faini isiyozidi Sh200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Picha za ngono zikiwa za mtoto, adhabu hupanda hadi Sh20 milioni au miaka 25 gerezani. Mwanafunzi anayebonyeza kitufe kuwapelekea wenzake picha ya mwenzao ili wacheke hajui kabisa kuwa anacheza na sheria hiyo.

Redio za Kidholuo, ambazo husikika kuanzia Ogwedhi hadi visiwa vya Suba, zingeweza kuyafafanua haya yote kwa lugha ambayo nyanya na mjukuu wanaielewa pamoja. Baadhi hufanya hivyo. Tatizo ni saa: vipindi vya afya na sheria huwekwa asubuhi vijana wakiwa darasani, na mizaha ya mapenzi hupewa jioni.

Mtoto aliyenajisiwa anafaa kufikishwa hospitalini kabla ya saa 72 kupita, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hazifai kitu baada ya hapo. Asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla ya kuonwa na daktari. Fomu ya P3 hutolewa na polisi bila malipo. Asiyejua pa kuanzia anaweza kupiga 116, nambari ya kuwasaidia watoto, au 1195 ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Zote hupigwa bure, mchana na usiku.