Timu iliyoshindwa ipewe mechi ya ziada? Kaitaba ina majibu mawili

JUNI mwaka 2019, wakati timu nyingi za Ligi Kuu Tanzania Bara zilikwisha kuwapa wachezaji wake likizo, Kagera Sugar ilikuwa bado na mechi mbili za kucheza. Haikuwa imetwaa taji lolote wala kupata tiketi ya michuano ya Afrika. Ilikuwa imemaliza msimu miongoni mwa timu nne za mkiani kati ya 20, na mechi hizo mbili ndizo zilizokuwa zimebaki kati yake na Ligi Daraja la Kwanza.

Wapinzani walikuwa Pamba ya Mwanza. Mchezo wa kwanza, jijini Mwanza, ulimalizika kwa sare ya bila kufungana. Wa marudiano ulifanyika Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, na wenyeji wakashinda kwa mabao 2-0. Kagera Sugar ikabaki Ligi Kuu, Pamba ikarudi nyumbani mikono mitupu.

Mpenzi wa Pamba aliyetaka kuifuata timu yake kwa barabara msimu huo alipaswa kuvuka kwa kivuko cha Kigongo hadi Busisi, kwani daraja lilikuwa halijajengwa, kisha kushika njia ya Geita na kupita Muleba hadi Bukoba. Kwa maji haikuwa rahisi pia: MV Victoria ilikuwa ingali kwenye matengenezo na ilirejea ziwani mwaka uliofuata. Safari yote hiyo ilikuwa ya kwenda kuiomba nafasi timu ambayo, kwa mechi 38, ilikuwa imeshindwa kuilinda kwa nguvu zake yenyewe.

Hapo ndipo swali linapoanzia. Je, timu iliyoshindwa msimu mzima inastahili kupewa mechi nyingine baada ya msimu kwisha?

Kwa mujibu wa kanuni zilizotumika msimu wa 2018/19, timu mbili za mwisho zilishuka moja kwa moja. African Lyon na Stand United ya Shinyanga zikaenda. Mbili zilizokuwa juu yao, Kagera Sugar na Mwadui, zilipelekwa kwenye mchujo dhidi ya timu za daraja la chini ambazo hazikupanda moja kwa moja. Mwadui ilikutana na Geita Gold, nayo ikanusurika.

Wanaoupinga utaratibu huu wana hoja nzito. Husema kuwa msimu ni mtihani, na aliyefeli mtihani hapewi karatasi nyingine ya kujibu kwa sababu tu hakuwa wa mwisho kabisa darasani. Aidha, timu ya Ligi Kuu huingia katika mchujo ikiwa na wachezaji waliozoea kukutana na Simba, Yanga na Azam, huku mpinzani wake akiwa ametoka kwenye viwanja ambavyo kamera za televisheni huvifikia kwa nadra.

Matokeo yanaonyesha kwamba uzito huo si wa kufikirika. Kuanzia mwaka 2019 hadi 2025, timu za Ligi Kuu na za daraja la chini zilikutana kwenye hatua hiyo mara 10. Za chini zilifaulu mara mbili tu: Ihefu ilipoitoa Mbao mwaka 2020, na Mashujaa ya Kigoma ilipoitoa Mbeya City mwaka 2023. Mara nane zilizobaki, aliyekuwa ndani alibaki ndani.

Mtu anaweza kusema kuwa hiyo ni dalili ya tofauti ya ubora. Lakini tazama kilichowapata Geita Gold. Walishindwa kwenye mchujo wa 2019 mbele ya Mwadui, wakashindwa tena mwaka 2020 mbele ya Mbeya City. Mwaka 2021 walipanda bila kupitia mchujo, na msimu wao wa kwanza wakamaliza nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mwadui, waliowazuia mlangoni, walishuka mwaka huohuo wa 2021 wakiwa mkiani. Ni vigumu kuutazama mfano huo na kuamini kuwa mechi mbili za Juni 2019 zilimbakiza aliye bora.

Kuna jambo jingine dogo ambalo mwandishi wa makala haya halimridhishi. Mwaka 2019 mchezo wa pili, ule wa kuamua, ulichezwa kwenye uwanja wa timu ya Ligi Kuu. Timu iliyopewa nafasi ya pili ikapewa na mashabiki wake wa kuisukuma dakika za mwisho. Kama ni lazima aliyeshindwa asaidiwe, basi angalau akamalizie ugenini.

Wenzetu wa Marekani wamekuwa na mjadala unaofanana na huu, japo katika mchezo tofauti. Timu za vyuo vikuu za futiboli ya Kimarekani, ile inayochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu, humaliza msimu wa kawaida wa mechi 12 na kisha baadhi hualikwa kwenye mechi za ziada ziitwazo bowl, kwa jina lililotokana na viwanja vyenye umbo la bakuli. Mechi hizo zimeongezeka hadi kuzidi 40 kwa mwaka. Kanuni ya kawaida hutaka timu iwe imeshinda angalau mechi sita. Zinapokosekana timu za kutosha, milango hufunguliwa kwa zilizoshinda tano na kupoteza saba.

Mwaka 2015 nafasi hizo ziliangukia Nebraska, Minnesota na San Jose State. Zote tatu zilishinda. Nebraska iliifunga UCLA kwa pointi 37-29. Kinachovutia ni namna zinavyochaguliwa: hutazamwa kwanza alama za maendeleo ya wachezaji darasani. Timu iliyoshindwa uwanjani hupata mwaliko kwa sababu vijana wake wanasoma.

Msomaji wa Bukoba au Muleba hatashangazwa na kuchanganya mpira na masomo, kwani UMISSETA ni michezo ya wanafunzi wa shule za sekondari Tanzania. Ila UMISSETA ina njia yake ya kumtendea aliyeshindwa, na pengine ni ya busara zaidi. Shule iliyofungwa haiendelei, lakini wachezaji wake wazuri huweza kuchaguliwa kwenye timu ya wilaya, na kutoka huko kwenye timu ya mkoa. Kijana wa Muleba ambaye timu yake imelala mbele ya Bukoba anaweza bado kuvaa jezi ya Kagera kwenye mashindano ya taifa. Timu inakubali kipigo chake, kipaji hakizikwi nacho.

Tofauti kubwa kati ya bowl na mchujo wa Tanzania ni hii: timu ya Marekani yenye ushindi mara tano haina cha kupoteza. Ikifungwa, inarudi chuoni ikiwa na siku za ziada za mazoezi na safari ya kusimulia. Kagera Sugar mwaka 2019 ingefungwa, ingepoteza daraja. Ya kwanza ni zawadi, na zawadi kwa aliyeshindwa ni jambo la kutilia shaka. Ya pili ni kesi inayosikilizwa upya huku mshtakiwa akiwa bado kizimbani.

Kuna njia ya tatu, ambayo Watanzania waliifurahia bila kuuliza maswali mengi. Katika Fainali za Mataifa ya Afrika za 2025 zilizofanyika Morocco, Taifa Stars ilifungwa na Nigeria mabao 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Uganda, kisha sare nyingine ya 1-1 na Tunisia. Haikushinda hata mchezo mmoja. Ikaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yake, kama moja ya timu nne bora zilizoshika nafasi ya tatu, ikiizidi Angola kwa mabao ya kufunga tu. Wenyeji Morocco waliitoa kwa bao 1-0. Ureno nayo ilitoka sare mechi zote tatu za makundi katika Kombe la Ulaya la 2016, ikapita kwa mlango huohuo wa nafasi ya tatu, na ikamaliza ikiwa bingwa.

Basi ni nani wa kusema kuwa aliyeshindwa hastahili? Kwa maoni ya mwandishi, anastahili iwapo kanuni iliandikwa kabla ya mpira kuanza, na iwapo mechi anayopewa inaweza kumnyang'anya kitu. Nje ya hapo ni fadhila.

Kaitaba ilipata jibu la pili mwaka 2025. Ligi ilikuwa imepungua hadi timu 16, na kanuni ziliwapa nafasi ya mchujo walioshika nafasi ya 13 na 14 tu. Kagera Sugar, iliyomaliza ya tatu mwaka 2017 nyuma ya Yanga na Simba, safari hii ilikuwa ya 15. Ilishuka moja kwa moja pamoja na KenGold. Stand United, ambayo mwaka 2019 ilinyimwa mechi ya ziada, ndiyo iliyofika kwenye mchujo safari hii ikitokea chini, na ikafungwa na Fountain Gate.

Pamba, kwa jina jipya la Pamba Jiji, ilikuwa imepanda mwaka 2024. Kagera Sugar iliposhuka, yenyewe ilibaki.