Pesa za wazee: kabla hujauliza "watoto wao wako wapi?"

Kila msimu wa bajeti hoja hii hurudi, na msimu wa kampeni ndiyo inarudi na kipaza sauti. Wa kwanza atasema serikali yake ndiyo ilianzisha pesa za wazee. Wa pili atasema yao ndiyo iliyozifikisha kwa kila mtu. Halafu kuna yule wa tatu, ambaye hata si mwanasiasa mara nyingi, ni mtu tu kwa komenti: "Kwani watoto wao wako wapi? Zamani hatukuwa na haya mambo ya serikali kulisha wazazi wetu."

Leo sitaji mtu wala chama. Nataka kuongea na huyu wa tatu, kwa sababu ndiye hupigiwa makofi mengi kuliko wote. Uzi ni mrefu kidogo, vumilieni.

Tuanze na hiyo "zamani". Ipi hasa?

Mwaka wa 1901 utawala wa Kiingereza ulileta kodi ya nyumba. Kila nyumba ilipiwe, na baada ya muda haikuwa tena kwa mtama au mbuzi, bali kwa pesa. Pesa ilikuwa wapi? Kwa mashamba ya walowezi, kwa reli, bandarini Mombasa, kwa nyumba za Wazungu Nairobi. Vijana wakaondoka. Na mshahara waliopewa ulipigwa hesabu kama wa mtu asiye na bibi wala watoto. Fikra ilikuwa kwamba familia iko rizavu, ina shamba, itajilisha yenyewe, na huyu mfanyakazi akizeeka atarudi huko huko alishwe. Hii si porojo ya wanaharakati. Mwaka wa 1954 kamati ya serikali hiyo hiyo ya kikoloni iliyochunguza mishahara ya Waafrika ilikiri kwamba mshahara wa aina hiyo haukutosha mtu kuishi na familia yake.

Kwa hivyo ile "jamii ilitunza wazee" ambayo tunaikumbuka kwa mapenzi ilikuwa pia njia ya mwajiri kukwepa gharama. Na ukiuliza jamii ni nani hasa, utakuta ni mwanamke fulani. Mke wa mtoto, au binti aliyerudi kwao. Ndiye aliyechota maji, akapika uji, akamgeuza mzee kitandani. Hakuna aliyemlipa, na hakuna aliyemwandika popote.

Uhuru ulipokuja, mwaka wa 1965 tukapata NSSF. Hatua nzuri, lakini angalia ilimlenga nani: aliyeajiriwa na mwajiri anayemkata mshahara. Mkulima wa Busia, mvuvi wa Lamu, mama wa mboga, fundi wa jua kali, hao wote walibaki nje, na ndio wengi. Hata waliokuwa ndani, kabla ya sheria mpya kuanza kutekelezwa 2023 baada ya miaka ya kesi, makato yalikuwa shilingi 200 kwa mwezi kutoka kwa mfanyakazi na 200 kutoka kwa mwajiri. Hesabu mwenyewe hiyo inampa mtu uzee wa aina gani. Watumishi wa umma walikuwa na pensheni yao. Wengine wote mpango wao wa uzeeni ulikuwa watoto, chama na harambee.

Sasa sikiza. Huo mpango wa watoto ulivunjika, na haukuvunjwa na uvivu wala na tamaduni za kigeni. Ukimwi ulitangazwa janga la kitaifa mwaka wa 1999, wakati tayari kulikuwa na vijiji vyenye wazee na watoto tu, katikati hakuna mtu. Nyanya wa miaka 65 akaanza kulea upya, mwingine wajukuu watano. Ukimuuliza huyo "watoto wako wako wapi?" atakuonyesha makaburi nyuma ya nyumba.

Ndiyo maana pesa hizi hazikuanzia kwa wazee. Zilianza na mayatima mwaka wa 2004, na ukifuata hao mayatima hadi kwa mlango, mara nyingi mlango ulikuwa wa nyanya. Mpango wa wazee wenyewe ulifuata kama majaribio: kaya 300 tu, katika wilaya za Busia, Nyando na Thika. Mwaka wa fedha wa 2009/2010 zikatengwa shilingi milioni 550 na mpango ukapelekwa wilaya 44, kaya 33,000. Mwaka wa 2010 Katiba ikaja na Kifungu cha 57: wazee waishi kwa heshima, na wapate uangalizi na usaidizi kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Familia NA Serikali. Wakenya tuliipigia kura, kwa hivyo hiyo "zamani hatukuwa na haya" kisheria ilishapitwa.

Kisha 2018 mpango ukafunguliwa kwa kila aliyefika miaka 70 na hana pensheni nyingine, awe maskini hohehahe au la. Binafsi naona huo ndio uamuzi bora zaidi katika historia hii yote. Kabla yake kamati zilikaa kuamua nani ni maskini zaidi ya nani, na sisi tunajua kamati za mashinani: jina la shangazi wa mtu halikosi. Zanzibar walifanya hivyo mapema kuliko sisi, 2016, kila aliyefika 70 anapata.

Mnaona basi? Kutoka 2004 hadi leo serikali zimebadilika, mirengo imevunjika na kuungana tena, na kila mmoja aliweka tofali. Anayesimama jukwaani kusema nyumba yote ni yake, mpe maji ya kunywa.

Hapa naingiza nyanya yangu, sisi twamwita Kukhu. Yuko Busia. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1949. Yeye anakumbuka watu wakirudi kutoka vita vya dunia, na vita viliisha 1945. Tofauti imetoka wapi? Kipande cha mkoloni kilikuwa cha wanaume, na wanawake hawakuandikishwa kwa vitambulisho hadi sheria iliporekebishwa 1978. Siku hiyo walipanga foleni, karani akamtazama usoni, akakisia mwaka, akaandika. Dakika moja hivi.

Hiyo dakika ilikuja kumgharimu. Wakati wa kuandikisha wazee wa 70 mwaka wa 2017, karatasi ilisema ana 68. Akaambiwa angoje. Akafika 70 ya kwenye karatasi mwaka wa 2019, lakini orodha ilikuwa imefungwa. Hakuna jina jipya lililoingia kwa miaka mpaka uandikishaji mkubwa wa 2023. Miaka minne kwa shilingi 2,000 kila mwezi ni shilingi 96,000. Wazee waliofika 70 katika kipindi hicho wote wana hesabu kama yake, na wengine hawakufika 2023. Mpango ulioitwa wa kila mzee ulikuwa wa kila mzee aliyekuwa na bahati ya kutimiza umri kabla ya mlango kufungwa. Sijawahi kusikia mdahalo hata mmoja ukiuliza hilo.

Alipofika kuandikishwa 2023, mashine ikakataa vidole. Ukilima miaka sitini alama hufutika. Walimrudisha nyumbani siku mbili, ya tatu ikakubali kidole gumba cha kushoto.

Hizo 2,000 nazo. Zimekuwa 2,000 tangu mwaka wa fedha wa 2011/2012. Bei za vitu zimepanda zaidi ya mara mbili tangu hapo, kwa hivyo kiasi kimekatwa zaidi ya nusu bila mtu yeyote kusimama bungeni kukikata. Ni ujanja wa kisiasa ulio rahisi kuliko yote: usiguse namba, acha unga ufanye kazi. Ongeza malipo yanayochelewa, miezi miwili inakuwa minne, na duka la kukopa halingoji.

Lakini jambo linaloniuma zaidi ni la senge wangu, dada ya baba. Kwa fomu ya Kukhu yeye ameandikwa kama mtunzaji, maana mpango unataka mtu wa kumsimamia mzee asipoweza kufuata pesa mwenyewe. Basi. Jina, namba ya kitambulisho, mwisho. Alikuwa akiuza omena sokoni. Aliacha Kukhu alipovunjika nyonga, kwa sababu mtu hawezi kuachwa peke yake kutwa nzima. Pesa zinamfikia mzee, na hiyo ni sawa, lakini aliyepoteza kipato ni mtunzaji, na kwake hakuna shilingi, hakuna mafunzo ya kumwinua mgonjwa bila kujiumiza mgongo, hakuna hata mtu wa kumpokea siku moja aende kanisani. Wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchini, hupita nyumbani kupima presha, na wa kwetu ni mzuri kweli. Ila ana nyumba nyingi na anaondoka baada ya dakika kumi.

Na familia haiko salama siku zote. Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi nyuma ya uchawi kuna shamba. Kaya Godoma huko Ganze imewahifadhi wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Huyo naye tumuulize watoto wako wapi?

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Mpango unaanzia 70. Kwa hivyo mgombea wenu akija na ahadi ya wazee, muulizeni: kiasi kitapanda kufuata bei, au mpaka 2040 ni 2,000? Orodha itakuwa wazi kila mwezi au tutangoja uandikishaji mwingine? Na anayemshika mzee mkono kwenda chooni saa nane usiku yuko wapi kwenye bajeti?

Senge amesoma huu uzi kabla sijaupandisha. Amesema niongeze kwamba nauli ya boda ya kumpeleka Kukhu kliniki hulipwa kwanza, ndiyo unga ununuliwe.